Godoro la Sufi la Bi Mwanatumu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla matandiko hayajaanza kuuzwa madukani, palikuwa na kijiji, na kijijini humo palikuwa na bibi mmoja, jina lake Bi Mwanatumu. Yeye ndiye aliyewashonea watoto wachanga matandiko. Mimba ikionekana tu, Bi Mwanatumu anapita nyumba kwa nyumba akiomba kanga kuukuu, maana kanga iliyofuliwa sana ni laini, haimkwaruzi mtoto. Halafu anatandaza sufi uani, anaipiga kwa fimbo nyembamba. Pu, pu, pu! Mbegu zinadondoka, sufi inapaa, wanawake wanapiga chafya na kucheka. Wanangu, nyua za siku zile zilikuwa na raha.

Basi palikuwa na mwanamke kijana, Mashavu. Alikuwa amezaa mara mbili, na mara mbili akazika. Aliposhika mimba tena, hakutaka kusikia habari za matandiko. Alisema yale ya kwanza aliyatandika kwa furaha, akayakunja kwa machozi. Mama mkwe wake naye alishikilia kwamba kumtandikia asiyezaliwa ni kuita mkosi. Nyumba nzima ikanyamaza. Hakuna aliyemtaja mtoto, kana kwamba tumbo lile lilikuwa ugonjwa.

Bi Mwanatumu akaenda kumtazama.

Mashavu akamwambia, "Bibi, niwie radhi. Usinishonee kitu."

Bi Mwanatumu hakubishana. Akakaa, akamkanda miguu iliyovimba, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kama mkosi upo, utamfuata anayeshona. Nitashonea kwangu. Mkosi ukija, unikute mimi. Chumvi niliyokula inatosha."

Akarudi kwake, akaanza. Pu, pu, pu, akapiga sufi. Chwi, chwi, chwi, sindano ikapita. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo jirani akipita humtungia uzi. Pande tatu za godoro akazishona. Upande wa nne akauacha wazi. Majirani walipomuuliza, alijibu kwamba huo haukuwa wake.

Kipupwe kikaingia, na upepo wake wa baridi, vuu, vuu. Mashavu akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Asubuhi akajifungua mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga, na sauti yake nyembamba. Nyumbani hapakuwa na hata kitambaa kimoja kilichoandaliwa. Mama mkwe akamtazama mtoto. Kisha akatoka mbio yeye mwenyewe, mtandio ukamdondoka njiani asiuokote, mpaka mlangoni kwa Bi Mwanatumu.

"Lile godoro," akasema.

Wakaja pamoja, wamelibeba godoro. Bi Mwanatumu akampokea mtoto, akamweka kifuani pake ndani ya kanga apate joto. Akamwambia Mashavu, "Upande huu ni wako."

Mashavu akalitazama godoro. "Na nikishona, halafu akaniacha?"

"Utakuwa umemshonea mwanao."

Mama mkwe akatunga uzi, akamkabidhi mkwewe sindano, naye akajiinua kidogo, akashona. Chwi. Chwi. Mishono ikaenda kombo, machozi yakalowesha kanga. Lakini alishona mpaka mwisho. Mtoto akalazwa katikati ya godoro, sufi ikambonyea, ikamkumbatia. Akatulia, akalala.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Alinyonya kidogo, akachoka, akanyonya tena. Wanawake walipishana mlangoni, huyu na uji, yule na kuni, na wote walimwita mtoto kwa sauti, bila kunong'ona. Akanawiri. Akatambaa. Bi Mwanatumu aliishi hata akamwona anakimbiza kuku uani, ndipo akaitwa na Mola wake.

Siku hizi tunanunua magodoro, ni mazuri, lakini hayana harufu ya kanga za jirani.

Na funzo lake ni hili: hofu haizuii msiba, huzuia mapokezi tu. Mgeni anayekuja mtandikie, ingawa hujui atakaa muda gani.

Uzi wangu umekwisha, na hadithi yangu imekomea hapo.