Kidole cha Mfiwa

Mchawi mpe mwana kulea. Mliisikia jana kwenye mkutano wa shule, mwenyekiti alipoitaja, na nyote mkacheka mkidhani ni werevu wa kumtega mwizi kwa kumkabidhi ufunguo. Mmeniuliza imetoka wapi. Nitawaambia kama mama yangu alivyonisimulia, naye aliipokea kwa waliokuwapo. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna nafasi. Ilianza hivi.

Palikuwa na kijiji katika nchi ya mbuga, nchi ya ng'ombe na mtama, yenye miti michache hata kuni zilikuwa shida. Wanawake walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake ni mkali. Ukipika nao miaka arobaini, macho yanakuwa mekundu na hayarudi tena. Sasa watu wa kijiji hicho waliamini kwamba ajuza mwenye macho mekundu ni mchawi. Kila mmoja alikuwa na mama au bibi wa namna hiyo nyumbani kwake, lakini wa kwake hakumwona. Alimwona wa jirani.

Mtoto alipoanza kukaa bila kushikwa, ndugu walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kibuyu cha maji ya lambo, wakamnywesha funda moja. Waliita kumwonjesha maji ya nchi, ili nchi imtambue kuwa ni mtu wake. Lambo lenyewe ndilo walilonywea ng'ombe, na kiangazi kikikolea lilibaki tope la kijani. Mtoto akifa, aliitwa mpiga ramli kutoka ng'ambo ya mto, naye alitaja jina. Hata hivyo hakuna kijana aliyemgusa aliyetajwa mpaka mama aliyefiwa asimame mbele ya watu na kumnyooshea kidole. Wazee waliona wameweka kizuizi kizuri. Lakini nani atakataa kunyoosha kidole siku ile ile aliyomzika mwanawe?

Minza hakukataa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwanawe wa kwanza alikuwa amekufa kwa kuharisha, na mpiga ramli alimtaja Holo, mjane aliyekaa karibu na jabali pamoja na mdogo wake, Nkwimba. Minza akasimama, akanyoosha kidole. Vijana wakiongozwa na shemeji yake, Luhende, walipanda kwa Holo na mapanga wakati wa kukamua ng'ombe. Sitawaeleza walichofanya. Siku ya tatu kijiji kilichinja mbuzi wa kujitakasa, na Minza akapewa nyama ya paja, akala. Nkwimba alimzika dada yake peke yake, kisha akakatazwa kuchota maji lamboni, akawa anakinga yaliyokuwa yakidondoka kwenye ufa wa jabali.

Mwaka wa pili Minza akazaa tena. Kiangazi kilipofika, mtoto huyo naye akaharisha siku nne, akafa. Mpiga ramli akasema kazi ya Holo imerithiwa na mdogo wake. Safari hii Minza hakusimama. Alilala chini akilia, na wanawake walimwacha wakidhani huzuni imemvunja miguu. Kumbe alikuwa akijiuliza jambo lililomtisha kuliko kifo cha mtoto. Ikiwa Holo yuko kaburini na watoto bado wanakufa, basi kidole chake kilikuwa kimemwua nani?

Mtoto wa tatu alikuwa wa kiume, akamwita Sayi. Alipoanza kukaa, mvua zilikuwa zimekwisha na lambo linapungua. Luhende hakutaka kungoja msiba mwingine. Alikuja kwa Minza akamwambia kwamba safari hii anyooshe kidole kabla, mtoto angali hai, na vijana watamaliza mambo asubuhi moja. Minza akaomba siku mbili za kufikiri. Siku ya pili, jua limetoka, alimfunga Sayi mgongoni akapanda jabalini.

Msidhani alikwenda kwa upendo. Alikwenda kwa hofu, tena hofu mbili. Aliwaza kwamba kama Nkwimba ni mchawi kweli, hatathubutu kumwacha mtoto afie mikononi mwake huku kijiji kizima kinatazama. Na kama si mchawi, hakuna atakayeichoma nyumba ile mwanawe akiwa ndani. Huo ndio ujanja mnaoucheka. Mpaka hapo, ulikuwa ujanja kweli.

Nkwimba alikuwa nje anasaga mtama. Minza akapiga magoti, akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mayu, huyu ni Sayi. Nimekuletea umlee mpaka mvua zirudi."

"Kwa nini?"

"Wanasema utamla."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui."

Nkwimba akaacha kusaga. Macho yake mekundu yalimtazama Minza. "Kwa dada yangu hukusema hujui. Ulinyoosha kidole."

"Nilinyoosha."

"Na nyama ukala."

"Nilikula, mayu."

Nkwimba akapangusa unga mikononi. Alikuwa na kila sababu ya kumfukuza, na mama yangu alisema hata angemtemea mate asingelaumiwa. Mtoto akaanza kulia. Nkwimba akanyoosha mikono, akampokea, akamweka pajani.

"Nitamlea," akasema. "Si kwa ajili yako. Ila utashuka sasa hivi ukaseme mbele ya watu hayo uliyoniambia hapa, na umtaje dada yangu kwa jina. Tangu wamwue, hakuna aliyetamka jina lake huko chini. Halafu utakuja asubuhi na jioni kumnyonyesha, nawe utatazama kila ninachompa. Sitaki mtu aniambie kesho kwamba nilimpa kitu kwa siri."

Minza akashuka. Wanaume walikuwa wamekaa penye zizi la Luhende. Alisimama mbele yao akasema kwamba alimnyooshea Holo kidole bila kujua lolote, kwamba Holo ameuawa na watoto hawajaacha kufa, na kwamba Sayi yuko kwa Nkwimba. Atakayepeleka moto kule atamchoma mtoto wa ukoo wake. Mumewe aliinuka akaondoka, na siku nyingi zilipita hakusema naye. Lamboni wanawake walisogeza mitungi yao alipokaribia. Sasa naye alikuwa ameonja kidogo yaliyompata Nkwimba.

Kila siku alipanda mara mbili. Alimwona Nkwimba akikinga maji ya jabali, akiyachemsha na majani machungu aliyofundishwa na mama yake, akiyafunika, na kumpa mtoto yale tu. Uji aliukoroga kwa maji hayo hayo. Hapakuwa na kingine. Minza alitafuta siri siku nyingi, kwa maana mtu akishazoea kuogopa hapendi kukuta pako wazi. Kisha siku moja, akimtazama Sayi anavyocheza na kifuniko cha chungu, ikamjia kwamba mtoto huyu hajaonja maji ya nchi hata funda moja. Ndugu hawakupanda kumletea, kwa kuwa walikuwa wakiogopa nyumba ile.

Na hapa wengi wanaosimulia hudanganya. Husema kijiji kilipomwona Sayi mzima kilitubu. Hakikutubu. Kiangazi kile walikufa watoto wanne huko chini, na Sayi akanenepa, na watu wakasema, mnaona? Anawala wa wenzie, huyu anamfuga. Ndivyo chuki ilivyo, wajukuu zangu. Ukiipa ushahidi, inautafuna na kuongeza nguvu. Luhende akatangaza kwamba siku ya mnada watapanda wamtoe mtoto na kuichoma nyumba.

Minza akaona kusema penye zizi hakutoshi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa wanawake, mahali pa kusagia na kupepeta. Hakuwaambia Nkwimba ni mtu mwema, wasingemsikiliza. Aliwauliza tu swali moja: marehemu wako alianza kuharisha siku ngapi baada ya kuonjeshwa maji? Wengine walimfukuza. Wengine walianza kuhesabu kwa vidole, na walipofika siku ya tatu au ya nne wakakunja vidole, wakaendelea kupepeta bila kumtazama. Wa mwisho alikuwa Ngolo, mke wa Luhende mwenyewe. Binti yake alikuwa akiharisha tangu juzi.

Asubuhi ya mnada, Luhende na vijana wanane walipanda jabalini wakiwa na mapanga na kigae cha makaa. Walikuta wanawake saba, Minza miongoni mwao, wamekaa mlangoni, kila mmoja na mtoto. Ngolo alikuwa wa mbele, mikono mitupu. Binti yake alikuwa kifuani mwa Nkwimba, ambaye alikuwa akimtilia maji mdomoni kwa kijiko cha kibuyu, tone kwa tone. Mtoto alikuwa hamezi tena.

Luhende alimwita mkewe atoke. Ngolo hakuinuka. Basi wakasimama hivyo, vijana na makaa yao, wanawake na watoto wao, wakimtazama yule kichanga. Haikuchukua muda. Nkwimba alimfumba macho, akamfunika, akamrudisha kwa mama yake.

Sasa, hebu fikirini. Mtoto amefia mikononi mwa yule waliyemwita mchawi, mchana, mbele ya mashahidi kumi na sita. Minza alimvuta Sayi kwake akijua mambo yamekwisha. Hata wanawake waliokuja kwa hiari yao walianza kurudi nyuma. Vijana wote wakamgeukia Ngolo, wakingoja kidole chake, kwa maana ndiyo iliyokuwa desturi.

"Mke wangu," Luhende akasema. "Sema."

Ngolo alikuwa amemlaza mtoto mapajani, mikono yote miwili juu yake.

"Maji ya lambo nilimpa mimi," akasema. "Baada ya ndugu zako kumpa, nikampa tena mimi, siku tano, kwa mkono huu, nikidhani namkaribisha duniani. Nimechelewa kumleta hapa kwa sababu nilikuogopa wewe. Simnyooshei mtu kidole."

Luhende alimtazama mkewe, akawatazama watoto sita waliosalia, akamtazama Nkwimba ambaye alikuwa amekwisha kugeuka kumshika mtoto mwingine. Akakiweka kigae chini. Kijana mmoja akamwaga mchanga juu ya makaa. Walimzika binti yule adhuhuri ile, karibu na kaburi la Holo, na ndiyo mara ya kwanza watu wa kijiji kusimama hapo.

Hakuna aliyeomba radhi. Wanaume hawajui kuomba radhi kwa jambo kubwa namna ile. Ila vijana wale wale waliopanda na mapanga walichonga mfereji chini ya ule ufa, wakajenga birika la mawe na kulizungushia boma la miiba ng'ombe wasifike. Wanawake wakapanga zamu za kuchemsha maji, na kila mwenye mtoto mchanga akapanda kufundishwa na Nkwimba. Mpiga ramli alikuja mara moja tu baada ya hapo. Hakukuta mama wa kumnyooshea mtu kidole, akarudi kwao.

Mvua zilipoanza, wazee walipanda kumshukuru Nkwimba. Walisema maneno marefu, kama kawaida ya wazee, wakamsifu Minza kwa akili ya kumpa mchawi mtoto. Walilitamka neno lile lile, mchawi, kwa mazoea, mbele yake. Nkwimba aliwasikiliza mpaka mwisho, Sayi akiwa amelala begani mwake. Kisha hakuwajibu wao. Alimgeukia Minza.

"Ungemleta yule wako wa kwanza kwa Holo," akasema, "leo wangekuwa hai wote wawili."

Minza akainuka. Alimpokea Sayi, akashuka naye. Aliishi mpaka akawa ajuza, na macho yake mwenyewe yakawa mekundu kwa moshi. Kila aliposikia watu wanamnong'ona mtu, wawe wageni waliohamia, au watu wa ukoo mwingine, au mjane asiye na mtu, alikuwa akiwakatiza kwa methali hii tu, bila maelezo. Wadogo walidhani anawafundisha ujanja. Wale waliomfahamu waliinamisha vichwa, kwa sababu walijua anawahesabu waliokufa.

Mchawi mpe mwana kulea.