Kunguru Aliyekataa Wali wa Malkia Kumudi

Nikiita, mtaitika?

"Ita, tupo!"

Masikio mmekuja nayo?

"Tumekuja nayo!"

Basi yategeni.

Zamani, zamani sana, miungu ilipokuwa ikishuka duniani kama jirani anayekuja kuomba moto, palikuwa na mfalme aitwaye Viraketu. Aliwahi kusimama ndani ya gari la vita pamoja na miungu, wakapigana na majitu, wakayashinda. Lakini asubuhi ninayoisimulia, mfalme huyo alikuwa amesimama mbele ya mkewe, Malkia Kumudi, anachekwa.

"Bwana wangu, kilemba hicho umekifunga au kimekuangukia?"

"Nimekifunga."

"Basi kimekuchoka. Inama."

Mfalme akainama. Malkia akamfunga upya, akampiga kofi dogo la shavu. "Nenda sasa, watu wanangoja."

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida. Jua halijafika utosini, homa ikampanda malkia. Jua halijazama, amekufa.

Wakamchoma kwa kuni za msandali, wakatia majivu mtoni. Kisha ikafika siku ya kumwekea wali. Katika nchi ile ilikuwa desturi: donge la wali huwekwa ukingoni mwa mto, na watu hungoja kunguru. Kunguru akila, marehemu ameridhika, anashika njia ya kusini kwenda kwa mababu. Kunguru akikataa, marehemu bado amefungwa na jambo, hawezi kwenda.

Kunguru akaja. Akatua, akainamisha shingo. Makuhani walikuwa wamefumba macho wakiomba. Mfalme akapiga magoti, akanong'ona.

"Ngoja! Ukila, anaondoka?"

"Ndiyo kazi yangu, mtukufu."

"Na usipokula?"

"Anabaki. Lakini mimi nina njaa."

"Usile. Nitakupa ladu, vile vidonge vitamu vya samli."

Kunguru akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. "Ngapi?"

"Mpaka ushibe."

Kunguru akaruka, akauacha wali. Makuhani wakafumbua macho, wakashika vichwa. Mchana ule mfalme akajilaza chumbani, na nyuma ya pazia akasikia njuga za miguuni mwa mkewe: chwi, chwi, chwi. Mfalme akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Makuhani wakaweka wali mara ya pili. Kunguru akaja, akainamisha shingo.

"Usile," mfalme akanong'ona.

"Ladu zimenikinai, mtukufu."

"Nitakupa halua ya lozi."

Kunguru akaruka. Mchana mfalme akajilaza, akasikia: chwi, chwi. Njuga zilikuwa mbali kidogo, na zilijikokota.

Makuhani wakaweka wali mara ya tatu. Kunguru alikuja akitembea, maana tumbo lilikuwa zito.

"Usile," mfalme akanong'ona.

"Sitaki kula. Nataka kulala. Nipe mto wa hariri, ule aliolalia malkia."

Mto ule ulikuwa bado na harufu ya nywele zake. Mfalme akasema, "Chukua." Mchana ule kunguru akakoroma juu ya mto wa Kumudi, na mfalme akalala kichwa kikiwa juu ya mkono wake. Akasikiliza. Chwi. Mara moja tu, kisha sauti: "Nina kiu."

Mfalme akakurupuka, akafungua pazia. Hapakuwa na mtu. Akatoka mbio mpaka bustanini, na huko akamkuta nyati mweusi, mkubwa kama ghala, anatafuna maua.

"We nyati! Nani amekuruhusu kula maua yangu?"

"Njaa imeniruhusu," nyati akasema, anatafuna. "Mimi ni mnyama wa Mungu wa Mauti. Alinituma nimbebe malkia. Aliniambia, 'Nenda, hatachelewa.' Hatachelewa! Nimesimama hapa mpaka kwato zinaniuma."

"Si yuko chumbani kwangu? Nasikia njuga zake."

"Unasikia anavyokuja unapomwita na kurudi anapokosa pa kukaa. Panda mgongoni kwangu uone."

Mfalme akapanda. Toka mgongoni mwa nyati aliuona mto, na kwenye ngazi za mawe zinazoteremka mtoni alimwona Kumudi. Alikuwa ameinama anachota maji kwa viganja. Maji yakapita viganjani kama vile viganja havipo. Akachota tena. Yakapita tena.

Kisha akageuza uso. "Bwana wangu," akasema, "nimekuja kukuomba ruhusa ya kwenda mara ngapi?"

Mfalme akateremka. Akaenda jikoni, akapika wali kwa mikono yake, ukaungua kidogo chini. Akaufanya donge, akamwamsha kunguru kwenye mto wa hariri, akampeleka mtoni pamoja na wali.

"Leo ule."

"Huu?" kunguru akacheka. "Mkavu, una majivu, hauna hata tone la samli! Nipe taji kwanza."

Mfalme akaketi kwenye ngazi, akautazama upande wa kusini.

"Kumudi," akasema, "ruhusa unayo. Nitakukumbuka, lakini sitakuita."

Hapo shingo ya kunguru ikainama yenyewe. "Sitaki!" akapiga kelele, na mdomo ukaingia kwenye wali. Alikula akikataa, akameza akilia, mpaka punje ya mwisho ikamkwama kooni. Ndiyo maana hata leo akitaka kusema neno hutoka "kwaa" tu, na hula chochote anachotupiwa, hachagui.

Nyati akaja mpaka kwenye ngazi. Mfalme hakumwona mkewe tena. Aliona mgongo wa nyati ukibonyea kidogo, kama unavyobonyea mtu mwepesi anapopanda. Akatembea kando yao, jinsi mwenyeji anavyomsindikiza mgeni. Wakafika pale ukingo unapokwisha. Nyati akaingia majini, na mfalme akabaki nchi kavu.

Asubuhi yake mpishi alikuja, akasimama mlangoni. Miaka yote alikuwa akimuuliza malkia.

"Niulize mimi," mfalme akasema.

"Tupike nini leo, mtukufu?"

Mfalme aliyeyashinda majitu akafikiri kwa muda mrefu.

"Dengu," akasema. "Na wali. Wa mtu mmoja."

Akavaa viatu, akafunga kilemba chake, akaenda kuwasikiliza watu waliokuwa wakimngoja.

Mafundisho yake ni haya: kumkumbuka aliyekwenda ni haki yetu. Kumzuia njiani si haki yetu, hata tukimpenda namna gani. Tukimzuia, yeye anateseka na anayenenepa ni kunguru.

Maneno yangu yameisha. Mkiyaona matamu, wapelekeeni wa nyumbani. Mkiyaona machungu, niachieni mimi.