Kitambaa Chekundu cha Subira

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana waliokunywa maziwa yale wengi bado wapo, palikuwa na chuo cha mifugo kwenye vilima vya baridi. Niacheni niseme taratibu. Kisa hiki kila nikikisimulia damu inanichemka, na nikikasirika naruka maneno.

Chuoni hapo kulikuwa na sheria moja ambayo mwanafunzi aliifahamu kabla hajajua bweni lake liko wapi. Ng'ombe akichomwa sindano, anafungwa kitambaa chekundu mguu wa nyuma. Mwenye kitambaa anakamuliwa, ndiyo, lakini maziwa yake yanamwagwa mpaka dawa iishe mwilini. Hayaingii kwenye keni ya kukusanyia. Hayaendi jikoni. Hayauzwi getini kwa majirani. Sheria fupi hivyo, hata mlevi angeielewa.

Basi Jumamosi moja ng'ombe aitwaye Subira akavimba kiwele. Zamu ya kutibu ilikuwa ya Tuntufye, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana mpole, mitihani imemkaribia. Akamchoma penisilini kama alivyofundishwa. Akaenda kuchukua kitambaa. Vitambaa viko wapi? Viko ofisini kwa Mwalimu Msigwa, msimamizi wa mabanda. Ofisi imepigwa kufuli. Mwalimu Msigwa yuko wapi? Yuko shambani kwake anapalilia mahindi yake, na ufunguo uko mfukoni.

Tuntufye akamtafuta Sekela, mwenye zamu ya kukamua kesho yake asubuhi. Akamkuta nyuma ya bweni, kavaa gauni la sherehe, viatu mkononi. Dada yake alikuwa anaagwa jioni ile, anaolewa. Sekela aliomba ruhusa, Mwalimu Msigwa akamnyima, sasa anapenya kwenye uzio.

"Sekela, Subira nimemchoma sindano. Kitambaa sijapata. Kesho maziwa yake mwaga."

"Sawa, nimesikia."

"Umesikia kweli?"

"Tuntufye, gari linaniacha. Nimesikia."

Mbele kidogo Sekela akakutana na Ambakisye, wanayesoma naye darasa moja. Akamwomba, "Kaka, nikamulie Subira kesho asubuhi, na mimi nitakushikia zamu yako." Ambakisye akakubali kwa moyo mweupe. Habari ya sindano Sekela hakuitaja. Ilimtoka kichwani, akili ilikuwa imeshafika kwenye ngoma.

Asubuhi Ambakisye akakaa chini ya Subira. Hakuna kitambaa. Akakamua, na maziwa ya kwanza yakatoka na mabonge. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua mabonge yale yanasema nini: ng'ombe mgonjwa huyu, mwaga. Lakini Mwalimu Msigwa alishatangaza kwamba kundi ambalo keni yake haijai litanyimwa alama za vitendo. Ambakisye akaitazama keni, imepungua. Akachukua chujio, akachuja mabonge, akamimina yaliyobaki. Nasema alichuja, jamani, kisha akamimina.

Getini akaja Mama Atupele, jirani wa chuo, akanunua maziwa kama kawaida yake. Binti yake Atupele aliwahi kuchomwa penisilini akavimba nusura afe, na nesi akaonya kwamba dawa hiyo asiiguse tena. Mama akayachemsha maziwa vizuri, akampa mtoto. Dawa ile haitoki yote kwa kuchemsha. Muda si muda midomo ya mtoto ikafura, macho yakafumba, pumzi ikawa ya kuvutwa.

Alipomfikisha zahanati, nesi akauliza, "Mama, umempa dawa gani?"

"Sijampa dawa. Amekunywa maziwa tu."

Nesi akaingia ndani kutafuta daktari. Mama Atupele, masikini, akafungua chupa ya chai aliyokuja nayo, akamimina kikombe kingine cha maziwa yaleyale ili mtoto apate nguvu.

Huku nyuma habari ikafika chuoni: mtoto wa jirani kavimba kwa maziwa. Ambakisye alisikia, akaingia bwenini akajifunika blanketi. Sekela alisikia akiwa ndiyo anarudi kwenye uzio, akakumbuka kila kitu, akakaa kwenye nyasi asiseme neno. Mwalimu Msigwa alisikia, akakimbia. Alikimbilia wapi? Ofisini. Akafungua kufuli, akatoa kitambaa chekundu, akaenda akamfunga Subira. Sijui mnajisikiaje. Mimi hapo huwa naomba maji ya kunywa.

Tuntufye naye alisikia. Akaenda zahanati mbio, akakuta kikombe kiko mdomoni mwa mtoto. Akakipokonya, maziwa yakamwagikia kanga ya mama.

"Mama, usimpe. Maziwa yana penisilini. Ng'ombe nimemchoma mimi."

Nesi akasikia, akajua la kufanya. Jioni Atupele akafumbua macho, akaomba uji.

Kesho yake kamati ya nidhamu ikakaa. Majirani wamejaa getini wanadai haki. Mkuu wa chuo akasema, "Leo lazima mmoja afukuzwe. Na anayefukuzwa hapa hapokelewi chuo kingine chochote cha mifugo. Semeni." Na kwenye meza ya kamati, upande wa kulia wa Mkuu, nani kakaa? Mwalimu Msigwa. Kakaa, kakunja mikono, anahukumu.

Akasimama Tuntufye. "Kosa ninalo. Nilimchoma nikamwacha bila kitambaa, nikaamini maneno ya mdomo. Lakini nilisema kabla, na nilisema baada."

Akasimama Sekela. "Kosa ninalo. Nilitoroka na ujumbe ukanitoka. Lakini sikumgusa ng'ombe, na kama ningepewa ruhusa ningekabidhi zamu yangu mbele ya mwalimu, kwa utaratibu."

Akasimama Ambakisye. "Kosa ninalo. Niliyaona mabonge. Lakini nilikuwa namsaidia mtu, wala sikuambiwa habari ya sindano. Kitambaa kingekuwepo nisingemimina. Na wewe Tuntufye, usijifanye malaika, fulana yako nyekundu ilikuwa kambani siku nzima. Ungeichana."

Tuntufye akainamisha kichwa, maana ni kweli, fulana ilikuwepo, na aliionea huruma.

Mkuu akamgeukia Msigwa. "Mwalimu, nimemkuta ng'ombe ana kitambaa. Nani kamfunga?"

Msigwa akakohoa. "Nimemfunga mimi, Mkuu, jana, ili hatari isiendelee. Kosa langu ni kufunga ofisi siku ya mapumziko, na hiyo ni haki yangu. Sikushika sindano, sikushika ndoo."

Kamati ikanong'ona. Kamati ikarudi. Mnajua ilisema nini? Afukuzwe Tuntufye. Kwa nini Tuntufye? Kwa sababu yeye peke yake alikiri siku ileile, kabla ya kuulizwa, mbele ya nesi na mama wa mtoto, na ushahidi wa kukiri hauna ubishi. Waliokaa kimya siku hiyo wapewe onyo. Aliyefungua mdomo mtoto akaishi, huyo afungashe virago wiki mbili kabla ya mitihani. Na wakamwita Mama Atupele aje aambiwe, ili aridhike, majirani waende makwao.

Mama Atupele akaingia na mtoto mgongoni, uso bado umevimba upande mmoja. Akasomewa yote yaliyosemwa, kisha uamuzi. Akawatazama wote, mmoja mmoja, na wa kwanza kutazama chini alikuwa mwalimu.

"Huyu kijana kampokonya mwanangu kikombe," akasema. "Na huyuhuyu kamchoma ng'ombe akaenda zake, fulana yake ikabaki nzima. Sijaja kumshukuru, wala sijaja kumfukuza. Mnataka niridhike. Nyie mmeridhika?"

Mama akashika pindo la kanga yake, kanga ileile iliyomwagikiwa maziwa, pindo lake jekundu. Akaiuma kwa meno, akaichana, ukatoka ukanda mrefu. Akauweka mezani mbele ya Mkuu.

"Nimesikia hapa kwamba kitambaa kilikosekana. Hiki hapa, wala hakikunichukua muda. Ng'ombe mnamfunga ili watu wajue hatari iko wapi. Haya, Mkuu, mfunge mwenye hatari, nimwone. Kesho nikija getini nijue wa kumkwepa."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasimama palepale akingoja.

Mkuu wa chuo akauokota ule ukanda. Mbele yake wamesimama watatu: aliyechoma akasema, aliyesikia akasahau, aliyeona akachuja. Kando yake kakaa wa nne, aliyefungia vitambaa akaja kumfunga ng'ombe wakati mtoto ameshavimba. Na yeye Mkuu mwenyewe kashika karatasi ya kumfukuza yule aliyesema.

Mimi hasira yangu mmeshaiona inaelekea wapi, kwa hiyo msiniulize mimi. Naulizwa kila mahali na kila mahali tunagombana. Semeni nyie mliokaa hapo, mama yule bado amesimama anangoja na mtoto anahema mgongoni: je, nani alistahili kufungwa kitambaa kile?