Ugonjwa Uliofungwa Kamba

Hapo zamani, mji wa Kibindoni ukiwa bado na masultani wake, aliishi msokota kamba mmoja, Mfaki jina lake, fukara kabisa, ila Mwenyezi Mungu alimjaalia ulimi. Alikuwa ameshazika mke na mtoto kwa ugonjwa wa tumbo. Akabaki na binti, Mize, naye sasa alilala mkekani, macho yameingia ndani. Basi ikawa kila baada ya sala Mfaki huomba dua moja tu: "Ya Rabi, huyu niachie."

Mtaa wao ulikuwa bondeni, chini ya jumba la Sultani, na wengi waliugua kama Mize. Tabibu wa jumba, Sururu, aliwagawia dawa. Wakanywa, wakapona, wakarudi kwao, wakaugua tena. Hata siku Mfaki alipopanda kumwombea binti yake dawa nyingine, Sultani alikuwa amechoka.

"Ewe msokota kamba, dawa zangu mmezimaliza na bado mnaumwa. Ukaidi gani huu?"

"Ni uvivu, Seyyid yangu," akasema tabibu. "Mtu mvivu hata tumbo lake hulegea."

"Basi kesho niletee huo ugonjwa wenyewe hapa barazani, umefungwa kamba, ukatwe kichwa. Usipouleta, kitakatwa chako."

Baraza likaangua kicheko. Mfaki akainama. "Labeka, Seyyid yangu. Kamba ninazo."

Siku ya pili akaingia akiburuta mtungi wa maji, umezungushiwa kamba za makumbi ya nazi juu hadi chini, naye akiukemea: "Tembea, mwovu we! Usijitie uzito mbele ya Sultani!"

Mkata vichwa akachomoa upanga, akauzunguka mtungi, akakuna kidevu. "Seyyid yangu, huyu kichwa chake kiko wapi?"

"Ngoja, bwana," akasema Mfaki. "Ada ya mji wetu, hata mwizi wa kuku hahukumiwi kabla ya kuulizwa kwao ni wapi."

Kweli ndiyo ilikuwa ada, na Sultani alizipenda ada. Akauinamia mtungi. "Ewe mshitakiwa, kwenu wapi?"

Mtungi kimya.

"Kiburi!" akasema tabibu.

"Anaona haya tu," akasema Mfaki. "Tumpeleke nilikomkamata, tuifuate njia aliyojia."

Basi baraza zima likatoka, askari wawili wameubeba mtungi, wa tatu akiulinda usitoroke. Wakafika kwenye kisima cha bondeni, ambamo Mfaki aliyateka maji yale. Wakaona mfereji mchafu ukimwagikia humo. Wakaufuata, wakapanda nao mlima, hata ukaishia kwenye tundu chini ya ukuta wa jumba, nyuma ya vyoo na zizi la farasi.

"Kwao ndiko huku," akasema Mfaki taratibu. "Ni mzaliwa wa jumbani mwako."

Sultani akakohoa. "Na mtu wa jumbani akikosa, ada inasemaje?"

"Hapelekwi gerezani, Seyyid yangu," akajibu mkata vichwa. "Hufungiwa humo humo jumbani."

"Basi afungiwe! Sipendelei mtu."

Mfaki akazifungua kamba za mtungi, akaliziba tundu barabara.

Ilipofika alasiri, uchafu ulikuwa umejaa uani. Kabla ya magharibi ukaingia barazani. Sultani akapanda juu ya kiti chake cha enzi, akachutama, kilemba amekibana puani. Tabibu akaja akichapa maji kwa miguu, bakuli la dawa mkononi.

"Kunywa dawa, Seyyid yangu, harufu isikudhuru."

"Dawa ya nini? Niondolee maji haya kwanza, mpumbavu wewe!"

"Na sisi bondeni twasema hivyo hivyo," akasema Mfaki mlangoni, "ila huku juu hatusikiki."

Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka majini. Kisha akaona kwamba Mfaki hacheki.

"Omba utakalo."

"Wangu wawili wako kwa Mola wao, hao siwaombi kwako. Naomba uchafu wa jumba uchimbiwe shimo mbali na watu, nasi tupate kisima kipya. Na hadi kichimbwe, tuteke katika birika lako la maji ya mvua. Binti yangu ana kiu, Seyyid yangu."

Sultani akakunja kanzu, akashuka kitini, maji yakamfika vifundoni. Akaenda birikani, akajaza mtungi safi kwa mkono wake mwenyewe, akamtwika Mfaki begani, kisha akapaza sauti akiita majembe.