Sampuli Kumi na Mbili za Achari

Bila cheti cha usalama, achari ya Bi Mwanaharusi isingepokelewa Maskati, na meli ingeondoka Ijumaa. Mkaguzi, Bwana Shekilindi, alikwisha kuchukua chupa kumi na mbili za sampuli.

“Bado ziko maabara, mama. Ongeza tatu.”

Bi Mwanaharusi akarudi nazo anahema. “Baba, zile za mwanzo zisiguswe! Nahofia dawa ya panya iliingia chunguni.”

Shekilindi akatoka mbio, viatu akaviacha chini ya meza. Bi Mwanaharusi akamkimbiza hospitali kwa bajaji, akamsikia akimwungamia daktari kwamba zote kazila mwenyewe, kwa wali. Akapimwa, akaonekana mzima kabisa.

“Sumu iko wapi?” akafoka.

“Nilihofia bure, baba.” Akamnyooshea karatasi ya daktari. “Ila maabara nimeijua iliko, na majibu yake ndiyo haya. Gonga muhuri.”