Nani Amwinue Mhando?

Usinikunjie pua. Hata ngazi ya kupakia chokaa hujawahi kuipanda, halafu unaniambia mtu haangushwi na wenzake wanaompenda. Aangushwe na nani, basi? Adui hafungi jukwaa lako. Kaa chini, funga mdomo, fungua masikio.

Walikuwa wanne, wakijenga nyumba ya ghorofa mbili pale Muheza.

Singano alifunga majukwaa ya mirunda, ile miti mirefu ya kusimamia mafundi. Kamba ya katani akiikaza yeye, panya angeitafuna mpaka azeeke.

Mbelwa alikuwa seremala. Alipima mbao kwa jicho tu. Tepu yake ilishika kutu mfukoni.

Zuhura alibeba zege, mwanamke peke yake kati ya wanaume wale. Aliona kasoro kabla kasoro yenyewe haijajijua.

Na Mhando alikuwa mwashi. Ukuta wake ulisimama wima kama askari wa zamu. Huyo akiwa juu hakutazama miguuni hata siku moja. "Nitazame nini?" alikuwa akisema. "Singano amefunga, Mbelwa amekata, Zuhura anaangalia. Macho yangu mimi ni ya matofali."

Walikula sinia moja, na aliyechelewa alibakiziwa mnofu, si mifupa.

Tena walikuwa na mwiko wao. Kila asubuhi aliyefunga jukwaa hulipanda peke yake, akarukaruka juu yake mara tatu, pu, pu, pu, kisha akaita: "Nimekanyaga!" Kabla ya neno hilo, hapandi mtu.

Ikafika siku ya kumwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Mapema asubuhi Mbelwa akapungukiwa mrunda mmoja tu wa kuegemezea boksi la mbao la kumwagia zege. Akatazama huku, akatazama kule, akaung'oa ule wa mshazari kwenye jukwaa, ule unaolizuia lisiyumbe. Akajiambia ataurejesha kabla ya chai.

Zuhura alimwona.

"Mbelwa! Huo umeutoa wapi?"

"Dada Zuhura, nisitiri. Msimamizi akijua nafukuzwa leo hii. Gari la mirunda liko njiani."

"Likichelewa je?"

"Halichelewi, dada yangu. Wallahi."

Zuhura akabeba ndoo yake, akaenda zake.

Singano naye akafika goti limemvimba. Akaitazama ngazi, ngazi ikamtazama. Jukwaa lenyewe kalifunga jana kwa mikono yake. Usiku limekwenda wapi? Akasimama chini palepale, akapaza sauti: "Nimekanyaga!"

Mhando akacheka. "Singano, leo umekanyaga kimya kimya. Umevaa soksi?"

"Panda, bwana, matofali yanakungoja."

Zuhura akafungua mdomo. Akamtazama Mbelwa. Akaufunga.

Mhando akapanda na karai lake la saruji, amalizie kona iliyobaki. Tofali la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne jukwaa likainama kama mlevi anayetafuta ukuta, na Mhando akaja chini na karai lake.

Vibarua wakamkimbilia, huyu kamshika mkono, yule mguu, wampakie bodaboda. "Mwacheni!" Zuhura akapiga ukelele. "Huo ni mgongo! Mkimkunja mnamwua!" Wakamwacha. Mbelwa akamtazama mara moja pale alipolala, akakata ubao wa urefu wake na upana wake, haukuzidi wala haukupungua. Singano akamfunga juu ya ubao ule, na mashimo yote ya njia ya hospitali hayakumtikisa hata kidole.

Daktari akaambiwa alivyoletwa, akasema: "Ukelele, ubao na kamba: katika hayo matatu, lingekosekana moja, ningepokea maiti."

Daktari hakujua ya asubuhi. Katika yale matatu, lingekosekana moja, asingepokea mtu kabisa.

Mhando akarudi nyumbani hai, miguu imekufa. Mkewe ni mwembamba, hawezi kumwinua. Asubuhi anatakiwa kutolewa juani, jioni kurudishwa ndani, na kuogeshwa, na kugeuzwa. Wale watatu wakaja wenyewe, hakuna aliyewaita, wakasema kila kitu.

Mhando akawasikiliza mpaka mwisho. "Mgongo umevunjwa na ardhi," akasema. "Ardhi siilaumu, sikula nayo sinia moja."

Mbelwa akasema, "Mimi niliazima mrunda tu. Singano angekanyaga kweli, angeliona pengo."

Singano akasema, "Mimi nililisemea jukwaa nililoliacha zima. Aliyejua si zima ni Zuhura."

Zuhura akasema, "Mimi sikugusa kitu."

"Ni kweli," Mhando akamjibu. "Hukugusa."

Wakainamisha vichwa. Mkewe akaenda jikoni, asiwaone.

"Sikilizeni," Mhando akasema. "Mtu wa kuniinua nahitaji, sina ujanja. Mmoja wenu ataniinua kila siku, na mimi nitajilegeza mikononi mwake kama mtoto. Wawili waliobaki nisisikie hata kikohozi chao nje ya nyumba yangu. Njooni."

Wote watatu wakapiga magoti mkekani. Wote watatu wakanyoosha mikono: ile iliyong'oa mrunda, ile ambayo haikushika ngazi, na ile iliyobeba ndoo ikaenda zake. Na ni mikono ileile iliyomfikisha hospitali akipumua. Mhando akaitazama, mmoja mmoja. Mara ya kwanza maishani mwake kutazama kabla ya kupanda.

Je, ungekuwa wewe, mgongo wako ungempa nani? Aliyeng'oa, aliyedanganya, au aliyenyamaza? Na usinijibu "wote" wala "hakuna." Mhando bado amelala pale mkekani, na jua limeshapanda.

Ehe, nyote mmeanza kelele! Bishaneni. Mimi natoka, na mlango naufunga.