Propela Iliyoachwa Wima

Kesi hii imekosa hakimu, ndiyo maana nawaletea nyinyi.

Nje ya Kitale walikuwapo watu watatu na ndege moja. Nasimiyu alikuwa na digrii ya uhandisi wa ndege na kibanda cha mayai ya kuchemsha. Kilichomlisha ni mayai. Kiprono, seremala, alikuwa na vidole vinavyoona. Lokwawi, mnoa visu wa sokoni, alikuwa na jicho la mizani. Ndege yenyewe Mzee Simatwa, mwalimu mstaafu, aliiunda katika ghala lake la mahindi, na propela yake ilikuwa ya mvule.

Propela ya mbao hunywa unyevu. Ikiachwa wima, maji hushukia upande wa chini, upande huo ukawa mzito, na injini ikatikisika. Basi watatu hao, waliomsaidia mzee kuitunza ndege, walikuwa na sharti: kila jioni mmoja wao ailaze sambamba na ardhi.

Kiprono alipitisha kidole karibu na ncha, akasema pana ufa. Hakuna mwingine aliyeuona. Akatia gundi, kiraka, msasa. Bila Kiprono, ncha ingebanduka angani.

Kiraka kikaelemea upande mmoja. Lokwawi akaitundika propela kwenye mhimili, akapaka vanishi upande mwepesi, akangoja ikauke, akapaka tena, mpaka ikatulia popote alipoiachia. Bila Lokwawi, mtikisiko ungeing'oa injini.

Wakaifunga kwenye injini kwa bolti. Ikakaa juani wiki kadhaa ikingoja petroli. Siku ya kuruka, mzee keshavaa helmeti, Nasimiyu akamwambia ashuke.

"Umeona nini, madam?" Kiprono akamtania.

"Sijaona kitu. Mbao ikikauka inasinyaa. Leta spana."

Bolti zote zilikuwa zimelegea. Bila Nasimiyu, propela ingechomoka.

Ndege ikapaa, ikazunguka mashamba, ikatua salama. Miongoni mwa watazamaji alikuwapo Bi Tamnai, mwenye karakana ya ndege ndogo. Akasema anataka fundi mmoja, yule aliyeiweka ndege hii hewani. "Just one. Mkubaliane, kesho nitakuja kumchukua."

Mzee alikataa kuamua. Akasema wote ni watoto wake, akaingia ndani. Hapo ndipo urafiki ulipokufa.

"Una makaratasi, na kazi pia unaitaka?" Kiprono aliuliza.

"Hayo makaratasi yamenifanyia nini? Kila ofisi ni experience, experience. Leo nimeipata, unataka uninyang'anye?"

Lokwawi alisema polepole kwamba mnoa visu haulizwi na mtu kama ana ndoto. Wakatawanyika, kila mmoja na njia yake.

Nasimiyu alikuwa karibu kufika kwake mvua ya kwanza ilipomwagika. Akasimama. Ndege ilibaki nje, na propela ilibaki wima, vile injini ilivyozimika. Alijua kwamba wenzake nao wanajua. Akajiambia ailaze yule atakayepewa kazi. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango, akasikiliza mabati yakipigwa usiku kucha.

Asubuhi gari la Bi Tamnai lilionekana likipanda kilima. Haya, nyinyi mnaosikiliza: kazi ni ya aliyeziba, ya aliyesawazisha, au ya aliyekaza? Na ukishajua kwamba wote watatu waliisikia mvua ile wakajifunika blanketi, bado ungemtaja mtu?